Kurudi Ziwa Chala kwa Ajili ya Mama Mkubwa

Nilirudi Ziwa Chala kwa sababu ya miwani. Mwaka jana nilimpelekea Mama Mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, picha ya ziwa hilo niliyoipiga mwenyewe na kuikuza hadi ikawa kubwa kama trei ya chai. Alizaliwa ukingoni mwa Chala, upande wa Rombo, akaolewa Mabogini kwenye mashamba ya mpunga, na siku hizi magoti hayamruhusu kwenda mbali. Aliishika picha, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akasema macho yake yameharibika. Wiki mbili baadaye nikasikia amekwenda kupima na kubadilisha miwani. Macho yake hayakuwa na neno. Picha ndiyo iliyotikisika, na mimi, mtu mwenye studio Moshi mjini, nilikaa kimya.

Ijumaa saa tatu asubuhi nilifunga studio, nikabeba kamera na stendi ya miguu mitatu. Kazi yangu ni picha za pasipoti na harusi, ambako mtu hukaa hatua mbili kutoka kwenye lenzi na hutulia ukimwambia. Ziwa lililo chini ya kuta za mawe ni kazi nyingine. Himo nilishuka kwenye basi kununua mkate na sukari ya kumpelekea mwenyeji wangu, na Holili nikachukua pikipiki hadi Chala, vumbi likitufuata katikati ya mahindi na alizeti.

Saa nane mchana nilifika kwa Dada Restituta, binti wa marehemu mjomba wangu, anayefuga mbuzi karibu na ukingo. Alinipa kiburu cha moto, ndizi zilizopondwa na maharage, akaniuliza hali ya shangazi yake, kwa maana Mama Mkubwa wangu kwake ni shangazi. Nilisema hajambo, ila magoti. La miwani sikuligusa.

Saa kumi tulikwenda ukingoni pamoja na mbuzi wake. Ziwa lilikuwa chini kabisa, bluu katikati na kijani pembeni, na ng'ambo ukuta wa upande wa Kenya ukiwaka jua. Mlima ulikuwa nyuma yetu, umejifunika mawingu. Upepo ulivuma kwa nguvu. Nilipiga picha kama arobaini, kisha nikakaa juu ya jiwe kuzikagua kwa kuzikuza kwenye kioo cha kamera. Vichaka vya ng'ambo vilikuwa kama vimepakwa kwa kidole. Upepo ulikuwa unatikisa stendi, na kila nilipobonyeza, mkono wangu uliongeza mtikisiko. Tena nilikuwa nimeiacha ile swichi ya kuzuia mtikisiko ikiwa imewashwa. Hiyo husaidia ukishika kamera mkononi, lakini juu ya stendi inaweza kuivuruga picha yenyewe.

Dada Restituta aliomba kuona. Alipokuwa akizitazama nilimweleza habari yote ya picha ya kwanza na miwani. Alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Shangazi anadhani anakuwa kipofu," alisema. "Umwambie, kaka."

Nilimwahidi. Kisha akaniuliza kwa nini kila picha ni maji matupu.

"Maji yako kila mahali," alisema. "Sisi hapa tunalijua ziwa kwa njia yake. Njia umeiacha nje."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesimama mahali pa juu kabisa nikidhani ndipo pazuri, na ziwa likaonekana kama sahani mezani. Aliniambia upepo hutulia alfajiri, na kwamba nisisubiri jua, kwa sababu likishachomoza ng'ambo litanipiga usoni.

Jumamosi saa kumi na mbili kasoro alfajiri niliteremka hatua chache, mahali njia ya kwenda majini inapoanza kujikunja. Nilishusha stendi hadi usawa wa magoti, nikaning'iniza chini yake mfuko wa mawe. Swichi nikaizima. Njia niliianzisha pembeni kushoto, chini kabisa ya picha, ili iteremke yenyewe hadi ziwani. Nilibana tundu la lenzi hadi namba kumi na moja ili mawe ya karibu na ukuta wa mbali vyote vionekane, nikalenga jiwe kubwa lililo njiani kwa kuizungusha lenzi kwa mkono, nikaweka kamera ijipige baada ya sekunde mbili, kisha nikaondoa mikono. Maji hayakutikisika hata kidogo. Nilipoikuza picha niliweza kuhesabu mawe ya njiani. Nikapiga nyingine tatu kwa tahadhari, na jua likatoka.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa Mabogini. Nilimwamkia Mama Mkubwa shikamoo, na kabla sijafungua bahasha nikamwambia yote: kwamba picha ya mwaka jana ilikuwa mbaya, kwamba nilijua, kwamba macho yake hayakuwa na tatizo.

"Miezi yote hii nimekuwa nikiogopa giza," alisema.

Nilimwomba radhi, naye akanyoosha mkono apewe picha.

Nilikuwa nimekwenda kujifunza namna ya kuipata picha safi, na hilo nalifahamu sasa. Lakini mwaka jana, na tena Ijumaa, nilichagua mahali pa kusimama bila kumuuliza aliyezaliwa pale anakumbuka nini. Mama Mkubwa alipoiona njia kwenye picha, aliweka kidole juu yake na kuanza kuteremka. Kwenye jiwe kubwa akasimama.

"Hapa mama yako alikuwa anagoma kutembea," alisema. "Nilimbeba mgongoni, ndoo kichwani."

Mama yangu hakuwahi kunisimulia hilo. Kidole kikaendelea. Hakukivusha jiwe lolote bila kunieleza habari zake, na chakula cha mchana kilipowekwa mezani tulikuwa bado hatujafika majini.