Utepe Uliokatwa kutoka Ndani

Mama Louise Mapenzi wa Lusangi ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto. Ana tabia ya kuanza kucheka kabla hajamaliza maneno yake, na wasikilizaji hujikuta wanacheka pamoja naye bila kujua bado wanacheka nini. Analima mpunga na karanga, anapikia watu kwenye arusi, na Jumapili mchana anawafundisha kina mama somo la Maandiko. Mume wake, fundi wa baiskeli, ni mtu wa maneno machache. Louise husema kwamba Mungu aliwapa wao wawili maneno ya kutosha, ila siku ya kugawana yeye alifika mapema.

Kanisa lao la zamani, la miti na udongo, liliungua miaka ya vita, watu wakiwa wamekimbilia porini. Waliporudi wakawa wanaabudu katika darasa la shule, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Kisha wakaanza kufyatua matofali. Kazi ile ilikwenda polepole, maana kila msimu wa kupanda ulikuwa unawarudisha watu shambani, na Louise ndiye aliyekuwa anawapa wenzake hadithi wakati wa kukanyaga udongo. Mara nyingi alirudi kwa mfalme Sulemani: namna alivyomjengea Mungu nyumba kule Yerusalemu, namna mawe yalivyochongwa mbali ili mlio wa nyundo usisikike mahali pale, na namna siku ya kuiweka wakfu wingu lilivyoijaza nyumba hata makuhani wakashindwa kusimama.

"Lile wingu lilikuwa la nini?" aliuliza mama mmoja, udongo umemfika magotini.

"Ilikuwa alama," Louise akasema. "Mungu alionyesha kama amekubali kukaa karibu na watu wake. Makuhani walikuwa wamejipanga vizuri, kila mutu na kazi yake, nguo zimepigwa pasi. Mungu akaingia, programu yao ikaishia palepale."

Kina mama wakacheka, na udongo ukakanyagwa vizuri zaidi.

Hatimaye nyumba ikasimama, ikapata mabati na mlango wa mbao ngumu. Papa Raphaël, mwalimu mstaafu aliyeongoza kamati ya ujenzi, alimkabidhi Louise ufunguo, kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyo karibu. Pamoja na ufunguo alimpa agizo. Sakafu ikishasafishwa, mtu asiingie tena mpaka Pasta Heri, mkuu wao kutoka Kasongo, afike siku ya kuweka wakfu, akate utepe na kuomba. Raphaël hakusema hivyo kwa kiburi. Alikuwa mtu wa kumcha Mungu kwelikweli, na alikuwa amekesha juu ya jengo lile kama mtu mwenye mgonjwa nyumbani.

Siku yenyewe, tangu asubuhi, Lusangi ilinukia vitunguu. Utepe mwekundu ulifungwa kutoka mwimo hadi mwimo wa mlango, ukifika kifuani pa mtu. Nyuma ya kanisa kina mama walijenga banda la majani na kupanga masufuria: wali, sombe ya majani ya mihogo, nyama ya mbuzi. Wanakwaya walivaa vitenge vya rangi moja. Koko Olga, bibi mzee kuliko wote, ambaye alibatizwa katika kanisa lile lililoungua, aliletwa kwa baiskeli na kukalishwa kwenye kiti mbele ya mlango. Kila mara aliunyoosha mkono akagusa tofali, kisha akaurudisha mapajani.

Pasta Heri alichelewa. Badala yake ikaja mvua.

Ilianza kwa upepo uliolinyanyua banda la majani na kulitupa kwenye mihogo. Watu wakakimbilia chini ya ukingo wa paa, migongo ikiwa imegandamana na ukuta, na maji yakawa yanawapiga miguuni. Kina mama walifunika masufuria kwa vifuniko, kwa masinia, kwa miili yao. Katikati ya fujo ile zikatokea pikipiki mbili kutoka upande wa Salamabila, zinateleza kwenye tope. Kwenye ya kwanza, nyuma ya dereva, alikuwa mwanamke mnene wa Kasongo, mtandio umemganda kichwani. Kwenye ya pili alikuwa msichana aliyejikunja juu ya kifurushi kifuani. Kifurushi kilikuwa kinalia.

Yule mama aliteremka na kuja moja kwa moja kwa Louise, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wengine.

"Hodi, mama yangu. Miye ni Hawa, wa Kasongo, muuza nguo. Huyu ni mutoto wangu Chadia. Alizalia kwa bwana yake kule Salamabila, arobaini imekwisha, namurudisha nyumbani apumuzike. Mutupe fasi kavu kwa ajili ya mutoto, tafazali."

Louise akaangalia nyumba zilizo karibu. Yake ilikuwa ya nyasi, na upande mmoja ulikuwa umeanza kuvuja. Akaingiza mkono mfukoni, akaushika ufunguo, akamtazama Papa Raphaël. Raphaël alikuwa ameshaelewa.

"Mama Louise, hapana," akasema kwa sauti ya chini. "Ile nyumba haijatolewa kwa Mungu bado."

"Mutoto anatetemeka, Papa."

"Naona. Moyo wangu pia unaona. Lakini wewe mwenyewe unatufundisha Maandiko. Unamukumbuka yule mutu aliyeshika sanduku la agano, alitaka tu lisianguke? Alikufa palepale. Kitu cha Mungu kinaogopesha. Sitaki tuanze vibaya."

Louise aliugeuza ufunguo mfukoni. Alimwogopa Mungu yuleyule wa Raphaël. Lakini palepale likamjia ombi la Sulemani, lile alilowahadithia kina mama mara nyingi, na sehemu moja ambayo sikuzote aliipita mbiombio ili afike kwenye wingu.

"Papa, Sulemani siku ile aliomba nini juu ya mugeni?"

Raphaël akajifuta maji usoni. Alikuwa mwalimu, hakuweza kusema kwamba hajui. "Aliomba kama mugeni akitoka inchi ya mbali na kuja kuielekea nyumba, Mungu amusikie kutoka mbinguni."

"Aliomba hivyo siku ileile ya kuiweka wakfu?"

"Siku ileile."

"Basi mugeni amefika. Pasta ndiye hajafika."

Raphaël akageuza uso, akatazama mvua. Hakusema ndiyo. Ila akasogea, na njia ya kufika mlangoni ikabaki wazi mbele ya Louise. Louise akauingiza ufunguo, akafungua. Baadaye aliwaambia wenzake kwamba alisubiri radi impige, na kwamba aliomba impige yeye peke yake, isiharibu mabati. Utepe hakuugusa. Aliinama na urefu wake wote, akapita chini yake, akamshika Chadia mkono na kumvuta ndani. Hawa akafuata, akiwa ameacha viatu vyake nje kama anavyofanya kwenye kila nyumba ya ibada. Kuona vile, waliokuwa nyuma yake nao wakavua viatu. Kanisa zima likaingia hivyo, watu wameinama chini ya utepe, miguu mitupu, wakubwa kwa wadogo. Koko Olga peke yake hakuhitaji kuinama.

Mtoto alikaushwa, akafungwa katika kitenge cha mwanakwaya, akanyamaza. Lakini sufuria zilikuwa bado nje, na moto ulikuwa unakufa. Mama mmoja akauliza kama chakula nacho ni mgeni. Kila mtu akamtazama Raphaël. Yeye alishusha pumzi ndefu, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akatoka mvuani, akarudi amebeba sufuria ya mbuzi.

"Kama tunakufa, tufe tumeshiba," akasema. Hakuna aliyewahi kumsikia akifanya mzaha.

Wakaingiza mbabula, majiko yao ya makaa, na kuzipanga pembeni. Makaa yalikuwa yamelowa, yakatoa moshi. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa turubai kwa sababu ya mvua, kwa hiyo moshi ukapanda, ukafika kwenye mabati, ukakosa njia, ukashuka. Muda mfupi baadaye watu walikuwa hawaoni tena madhabahu.

Hapo ndipo Pasta Heri alipofika, anasukuma pikipiki yake, tope limemfunika mpaka kwenye miwani. Aliona utepe mzima, mlango wazi, na rundo la viatu. Akavua vyake, akainama, akaingia. Alifungua kinywa awasalimu kwa jina la Bwana, na moshi ukamkaba. Akakohoa. Akajaribu tena, akakohoa zaidi, mpaka akashindwa kusimama, akakaa chini sakafuni karibu na Hawa, ambaye alimpiga mgongo bila kujua ni nani.

Raphaël alifunga macho. Kisha Louise, aliyekuwa anajizuia kwa nguvu zake zote, akasema: "Na makuhani hawakuweza kusimama, kwa sababu ya lile wingu."

Alianza kucheka kabla hajafika kwenye wingu. Koko Olga akafuata, kina mama wakafuata, na pasta mwenyewe, miwani mkononi, alicheka mpaka machozi yakamchora mistari miwili kwenye tope la mashavu.

Turubai moja ikaondolewa dirishani, moshi ukatoka. Raphaël akaja mbele ya pasta, akaanza kuomba radhi kwa niaba ya kamati. Pasta Heri alimwomba akae naye hapohapo chini.

"Papa Raphaël, nilikuwa nimetayarisha mahubiri, yamelowa mufukoni. Nitasema kidogo tu. Katika Kiebrania, lile neno la kuweka wakfu nyumba linatumika pia kwa kumuzoeza mutoto njia yake. Ni kuanza. Ni kukitia kitu katika kazi yake. Sheria ya zamani ilisema, mutu akijenga nyumba mupya na hajaanza kukaa ndani yake, asiende vitani, arudi kwake kwanza aizindue. Nyumba inataka watu wake. Sasa mimi nakuja kuwaonyesha kazi ya hii nyumba, nakuta imeshaanza."

"Hatukukosa?" Raphaël akauliza.

"Mulimuogopa Mungu, na mulimufungulia mugeni. Ningeliwakuta munafanya moja tu kati ya hayo, ningelikuwa na mahubiri marefu."

Kisha akaingiza mkono mfukoni atoe chupa ndogo ya mafuta aliyokuja nayo kwa ajili ya kupaka miimo, kama Musa alivyopaka mafuta hema na vyombo vyake kuwa alama kwamba vimetengwa kwa ajili ya Mungu. Kilichotoka kilikuwa vipande vya chupa. Pikipiki ilikuwa imeanguka njiani. Louise akaenda kwenye mbabula, akarudi na kikombe cha mawese. Pasta akachovya kidole, akapaka miimo kwa ndani, na mafuta yakateremka mekundu kwenye mbao mpya. Akaomba. Aliombea wenye njaa, waliokosana na jirani, waliopelekwa mbali na kwao wakashindwa kurudi. Alipofika kwa mgeni atokaye mbali, akamtaja Hawa kwa jina, na Chadia, na mtoto.

"Amina," Hawa akajibu kwa sauti, kabla ya wote.

Kwaya ikaimba. Vijana walipiga vigelegele na kucheza, na katikati yao Koko Olga akawa analia kwa kwikwi, kanga usoni. Alikuwa anawaona waliokuwa wanakaa karibu naye katika kanisa la kwanza. Louise akapiga magoti kando yake, akamshika mkono. Kilio na vigelegele vilichanganyika chini ya mabati, na aliyekuwa nje asingeweza kutenganisha kimoja na kingine. Louise alikumbuka kwamba hata kule Yerusalemu, walipoweka msingi wa nyumba ya pili, wazee walilia hivyohivyo. Alilia kidogo naye.

Mvua ikaisha. Pasta Heri akasimama mlangoni, akapewa makasi. Utepe ulikuwa bado unaning'inia pale, watu wote wakiwa wameshaingia ndani.

"Tungeukata tuingie," akasema. "Leo tunaukata tutoke, tukale."

Akaukata kutoka ndani. Watu wakamwagika uwanjani, kila mmoja akitafuta viatu vyake katika rundo lililolowa, na kwa mabishano ya viatu chakula kikachelewa tena. Hawa na wenzake walikula, wakangoja njia ikauke kidogo, wakaondoka na mpunga ambao Louise aliwafungia kwenye kitambaa.

Msimu uliofuata Hawa alimtumia Louise ujumbe kwa dereva wa pikipiki. Mwanawe mkubwa amemaliza nyumba kule Kasongo, karibu na soko, na Ijumaa watasoma dua kabla ya kuhamia. Louise aje bila kukosa. Papa Raphaël aliposikia, akasema ataenda naye, kwa kuwa njia ni mbaya na mwanamke anahitaji mtu wa kusukuma pikipiki. Wakafika wamechoka, wakakuta mikeka imetandikwa na ubani unafuka. Hawa akawakalisha mahali pa ndugu. Watu wakasoma, wakaitikia, sinia za pilau zikaingia. Chadia akaja na mtoto, akamweka mapajani mwa Raphaël bila kumwomba ruhusa.

Mzee alikaa wima kwa hofu, mikono hewani, halafu polepole akaishusha, akamshika.

"Mwambie kitu," Louise akasema.

Raphaël akafikiri. "Karibu, bwana mudogo," akasema, na mtoto akamshika pua.