Blanketi Juu ya Zege

Ijumaa, siku yetu ya mapumziko huku Uarabuni tunakofanya kazi, kwenye basi la kwenda kanisani Mesaimeer, fundi wa zege aliyeketi mbele yangu alimpigia mkewe Kenya, spika ya simu ikiwa wazi. Jana yake sakafu ya nyumba yao ilikuwa imemwagwa zege, naye aliogopa jua lingeipasua.

"Mama watoto, mmeifunika na magunia? Mmeimwagia maji?"

"Magunia hayakutosha. Nimeongeza blanketi letu."

"Lile zito? Sasa wewe utajifunika nini?"

"Si urudi basi!"

Fundi akaficha uso kwa viganja vyake vilivyokauka kwa saruji. Basi zima lilicheka. Kisha kila mwanamume akaanza kupapasa mfuko akitafuta simu. Nami nikapiga nyumbani, ingawa sina hata tofali moja la kuulizia.