Tundu kwenye Kifuniko cha Friza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliichukua friza mpya ya mama mkwe wangu nikaifukiza kwa moshi wa makaa. Usicheke. Weka hiyo bisibisi chini kwanza, mashine ya kufulia haitakimbia. Tangu asubuhi nakuona unaizunguka mashine mpya ya mke wako, unatafuta pa kupitisha waya wa sola, na moyo wangu hautulii. Kaa hapo, egemea hiyo friza kuukuu, unisikilize.

Nilikuwa bibi arusi bado, hina haijatoka kuchani. Baba yako alinileta hapa Garissa kwa mama yake, ayeeyo yako, ambaye sote tulimwita Hooyo, yaani mama. Alikuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni, yakiletwa kwa gari kutoka kwa wanawake wa kijijini Kotile. Jua la hapa unalijua mwenyewe. Maziwa yakifika adhuhuri, alasiri yameshachacha. Basi Hooyo akamuuza ngamia wake jike, wa mwisho katika wale aliopewa na baba yake, akanunua friza ile ya kufunguka juu. Siku ilipoletwa aliipangusa kwa ncha ya mtandio wake kama anampangusa mtoto uso.

Sasa wewe umekulia maziwa ya pakiti, lakini sisi maziwa bila moshi hatuyajui. Chombo lazima kifukizwe kwanza kwa kaa la mti, ndipo maziwa yakae na yawe na ladha. Hooyo alipoonja ya kwanza kutoka kwenye friza, akakunja uso kidogo tu, akasema, "Yananuka duka." Nami nilikuwa natafuta kila njia ya kumfurahisha yule mama, kwa hiyo usiku kucha sikupata raha.

Kesho yake alipokwenda sokoni nikachomoa waya, nikatoa kila kitu ndani, nikaweka makaa kwenye bati, nikafunga kifuniko. Makaa yakazimika kwa kukosa hewa. Je, niliacha? Thubutu! Nikamwita jirani mchomelea vyuma anitobolee tundu la kutolea moshi. Nilimwonyesha ubavuni, lakini upande ule ulikuwa umebanana na ukuta, drili ikakataa kufika, akatoboa kwenye kifuniko. Nikafukiza tena, moshi ukatoka vizuri kabisa, nikajiona hodari. Mpira wa kifuniko ulijikunja upande mmoja kwa joto, nikaubonyeza nikasema utarudi wenyewe.

Wiki haikuisha, friza ikaacha kugandisha. Inanguruma tu, ndani joto. Na Ramadhani imeshabisha hodi, wanawake wa Kotile wanamtegemea Hooyo. Wallahi niliogopa. Niliona ngamia wa mama wa watu amepotea bure, na aliyempoteza ni mimi niliyeletwa nyumbani kwake juzi. Nikatafuna bigijii, nikaziba lile tundu, nikapaka juu rangi nyeupe ya kucha, nikasugua ndani kwa sabuni mpaka vidole vikachubuka. Hooyo aliporudi nikamwambia imeharibika yenyewe, ila waranti ipo, twende tukaidai.

Hooyo akainama, akaingiza kichwa chote ndani ya friza, akakaa humo kitambo. Nilidhani analia. Alipotoka, alikuwa anajizuia kucheka.

"Gabadhey," akaniita, msichana wangu, "hii friza inanuka kama nyumba ya mama yangu."

Hapo nikaangua kilio mimi, nikamwambia yote, mpaka bigijii. Alinifuta machozi kwanza. Kisha akanikaripia, na ukali wake ulikuwa wa sauti ya chini, ile inayouma zaidi. "Kutoboa, hukujua. Hilo nimekusamehe. Lakini mimi nauza maziwa kwa jina langu. Watu wakiniuliza kama nimetia maji, nawajibu, nao wananiamini. Ukinipeleka dukani na uongo huu, kesho nitauza nini?"

Tukaipakia friza kwenye mkokoteni wa punda, tukaenda. Mwenye duka alikuwa kijana wa Kitui, Mutua, mpole wa watu. Hata salamu hazijaisha, Hooyo akachomoa ile bigijii kwa kidole mbele ya wateja. Kiswahili mimi nilikisoma shule, yeye alikiokota sokoni, lakini cha kwake kilifanya kazi kuliko changu.

"Hapa sisi natoboa," akasema. "Moshi pia natia. Sasa friza haigandi."

Mutua akatikisa kichwa. "Pole, mama. Basi waranti imekufa. Ukishaigusa mashine, hiyo si shida yetu tena."

Mimi nikashika kamba ya punda tugeuze. Hooyo akakaa kwenye ngazi ya duka.

"Waryaa, kijana, bole bole," akasema. "Baridi natoka kwa kifuniko?"

"Hapana, mama. Inatoka kwa mota, huko nyuma."

"Basi nionyeshe. Kama moshi yangu naharibu mota, mimi nabeba friza, nakwenda, sisemi kitu. Kama si moshi, kwa nini mimi nabeba?"

Mutua akawatupia jicho wateja, wote walikuwa wanasikiliza. Akamwita fundi wake. Fundi akaigeuza friza, akafungua nyuma, akapaka povu la sabuni kwenye mirija ya gesi karibu na mota. Kwenye kiungio kimoja povu likavimba. Gesi ilikuwa inavuja pale, mahali palipounganishwa vibaya tangu kiwandani, ambapo moshi wala drili havikufika. Kisha akauliza nani alichagua kutoboa kifuniko, akasema tuna bahati, kwa sababu mirija mingine imepita ndani ya kuta za friza. Tungetoboa ubavuni, tungeiua friza kwa mikono yetu na hakuna wa kumlaumu.

"Haya, mama," Mutua akasema, "tutaitengeneza bure. Ni haki yako."

"Bado," Hooyo akasema, akaushika ule mpira uliojikunja. "Hii moto yetu naharibu. Hii sisi nalipa."

Mutua alitaka kumwachia. Hooyo akakataa katakata. Ramadhani ilipoingia, friza ilikuwa inagandisha mpaka maziwa yanatoka na barafu, na Hooyo akanifundisha kile ambacho ningepaswa kumuuliza tangu mwanzo: fukiza jerikeni, tia maziwa humo, kisha ndipo uingize kwenye friza. Subhanallah, rahisi hivyo!

Kwa hiyo nisikilize, maana nakupenda na wewe ni mbishi kama mimi. Kabla ya kutoboa au kukata waya wowote, rudi dukani ukaulize kama mashine inakubali hiyo sola yako, na usome waranti yake mpaka mwisho. Ukiwa umeshaigusa na ikaharibika, usifiche ulichofanya, kiseme wewe kabla hawajakiona. Na ukishasema, usikubali kufukuzwa kwa neno moja tu kwamba umeigusa. Waambie wakuonyeshe kwamba ulichogusa wewe ndicho kilichoharibu. Kilicho chako kibebe bila kununa, kilicho chao wabebe wao. Ukionewa bado, usirudi nyumbani kimya, zipo ofisi za kusikiliza wanunuzi.

Hooyo ametutangulia, Mungu amrehemu. Lakini hiyo unayoegemea ndiyo friza yenyewe, haigandishi tena, naweka mchele humo. Gusa kifuniko, tundu lipo. Sasa fungua, uingize kichwa kama alivyofanya yeye, uvute pumzi. Umesikia? Miaka yote hii na bado inanuka nyumba ya mama yake.

Mungu akupe kinywa kisichoogopa kusema kosa lako wala kudai haki yako, na amjaalie mke wako akucheke kabla ya kukukaripia, kama mimi nilivyojaaliwa mkwe. Amin. Haya, lete hiyo bisibisi hapa, ukavae viatu twende dukani tukaulize.