Kichocheo cha Bwana Tennekoon

Kila Jumatatu asubuhi kliniki ya watoto pale Matale ilikwama. Wakunga wa vijijini walituma uzito wa watoto wa wiki nzima, na Dilrukshi, mtunza hifadhidata, aliuingiza wote kwa amri moja. Amri hiyo ilichukua dakika arobaini. Muda wote huo kompyuta za mapokezi zimeganda, akina mama wamesimama wakibembeleza vichanga.

"Dilu, mashine yako imejifungua au bado?" nesi Kusum alimtania.

Dilrukshi akachunguza. Amri yenyewe haikuwa na kosa. Nyuma yake kulikuwa na kichocheo, maagizo mafupi yanayojiendesha kila rekodi inapobadilika. Rekodi zilikuwa elfu nne, nacho kiliamka mara elfu nne, na kila kikiamka kilipekua jedwali zima kutafuta uzito wa nyuma wa mtoto. Aliyekiandika ni Bwana Tennekoon, aliyemfundisha kazi kabla ya kustaafu.

Kukifuta ni suala la sekunde, lakini mkono ulimgoma. Alasiri akamfuata kwake, akamkuta akimwagilia okidi.

"Kifute tu, mwanangu. Mambo ya kizamani hayo."

"Ulikiweka kwa nini, Mwalimu?"

Mzee akatua kopo. Wakakaa kunywa chai ya rangi, wakiitafunia sukari guru. Zamani, akasimulia, uzito mpya ulikuwa unafuta wa zamani. Mtoto mmoja akapungua wiki kwa wiki bila mtu kujua, hadi akabaki mifupa.

"Alipona. Ila mimi usingizi ulinipaa mwezi mzima. Ndipo nikakiandika, kitunze uzito wa nyuma, kiulinganishe na mpya, na kitoe jina la anayepungua."

"Basi sikifuti," Dilrukshi akasema. "Nitakifanya kiamke mara moja tu, amri ikimalizika, kiwakague watoto wote kwa mpigo. Na jedwali nitaliwekea faharasa ya namba zao, kisipekue ovyo."

"Kumbe umeshanipita!"

"Wewe si ndiye uliyenifundisha?"

Jumatatu iliyofuata amri ilimalizika kwa sekunde hamsini. Kichocheo kikatoa jina moja: mtoto wa wiki tisa, amepungua gramu mia tatu. Kusum akampigia simu mkunga wa kijiji, na kufika saa nane mchana mama na mwanawe walikuwa mbele ya daktari.

Dilrukshi akampigia Bwana Tennekoon kumweleza.

"Anaitwa nani?"

"Sanuli. Ananyonya sasa hivi, namsikia hadi huku."

"Sanuli," mzee akarudia taratibu. "Jina zuri."