Nilipiga picha ya yaya pale Kalundu asubuhi, uso ukatoka makaa: wenye kamera za auto mnisikilize

Habari zenu wakuu. Minye, yaani mimi, ni msichana wa Uvira, niko kwenye humanités, sekondari ya kwetu, na humu ndani huwa nasoma tu, siandiki. Hii habari nimeiandika mara tatu kwenye daftari langu na bado inanikaa kifuani, kwa hiyo leo naileta kwenu vile ilivyo, hata pale inaponiaibisha.

Iko hivi.

Kwetu, kila anayesafiri kwenda mbali anapigwa picha bandarini Kalundu, mgongo kwa ziwa, siku ile ile ya kuondoka. Picha inatundikwa ukutani salon, yaani sebuleni. Baba yuko pale. Kaka yuko pale.

Safari hii alikuwa anaondoka yaya Neema, dada yangu mkubwa. Anaenda Kalemie kusoma unesi. Tumelala chumba kimoja tangu nijijue.

Mama akasema, "Mupiga picha wa nini? Si huyu iko na apareyi?"

Apareyi yenyewe ni kamera ndogo aliyoniachia kaka. Kabla hatujatoka nyumbani, mama alishapigilia msumari wa picha ukutani.

Niwaambie ukweli: mpaka siku ile nilikuwa napiga milima, mitumbwi, kuku wa jirani. Watu hapana. Naona haya kumwambia muntu simama hapa, geuka kule.

Tukafika Kalundu jua limetoka sasa hivi.

Kwa wasiojua kwetu: ziwa liko mashariki, milima iko nyuma yetu magharibi. Asubuhi jua linatokea juu ya maji, upande wa Burundi. Ukimsimamisha muntu na ziwa mgongoni, na jua liko mgongoni. Kamera ya auto inaona mwanga ule wote, inaogopa, inapunguza. Uso unabaki giza.

Picha za baba na kaka zilipigwa alasiri, jua likiwa upande wa milima na kuwapiga usoni. Nimeziangalia miaka yote, sikuwahi kujiuliza vivuli vinalalia wapi.

Nikapiga. Nikapiga tena. Kwenye jua lile kioo cha kamera huoni kitu. Ningefunika na kitenge cha mama nikague, lakini watu walikuwa wanatuangalia.

Ndipo wabeba mizigo wakaja na magunia. "Mupishe! Mupishe njia!"

Yaya akasogea, akageuka kuelekea maji. Wakuu, mwanga ukamjaa uso wote. Akaniona, akatulia, akatabasamu. Alikuwa ananingojea.

Mbeba mizigo mmoja akapiga kelele, "We kadada, nipige na minye basi, nimupelekee bibi yangu aone vile nateseka!"

Wote wakacheka. Hata mama.

Nikashusha kamera.

Yaya akasema, "Weye nawe! Piga basi." Nikasema nimeshapiga.

Ule uso wenye mwanga sikuwa nimeupiga.

Jioni, yaya ameshaondoka, nikaziweka picha kwenye kompyuta ya jirani. Yaya hana uso. Nikaongeza mwanga, zikatoka chembechembe kama mchanga. Mama akainama karibu kabisa na kioo. Akauliza, "Huyu ni Neema ao ni nani?"

Hakunigombeza. Kwenye ule msumari akatundika kalenda ya parokia.

Chumba sasa ni kikubwa. Kwa hilo sina la kuongeza.

Niliyoyajua baada ya hapo: jua likiwa nyuma ya muntu, mzungushe yeye, hata kama ziwa litakosekana. Ukitaka ziwa lazima, washa flash hata mchana, ao subiri alasiri. Na ule muongozo mnaopeana humu wa kupiga watu jua likizama, kwetu usiufuate vile ulivyo, milima inalimeza mapema. Lakini kosa langu kubwa halikuwa la jua.

Wiki iliyopita nikamuomba mama nimpige uani, alasiri. Akasema, "Ngoja nifunge kitambaa vizuri." Ikatoka safi. Nikamtumia yaya kwa simu.

Akajibu: "Mama nimemuona. Na weye?"

Nikatafuta. Kwenye kadi yote ya kamera minye simo.

Basi nikampa mama kamera, nikamuonyesha pa kubonyeza, nikaenda kusimama ukutani. Mama akaangalia kwenye kioo, akashusha, akaangalia tena.

"Mbona umesimama pembeni hivyo?"

Sikujua kama niko pembeni. Upande wa kushoto nilikuwa nimeacha nafasi ya muntu mmoja, kama tunavyosimama siku zote.

"Ingia katikati, mwanangu," akasema. "Hakuna mwengine."

Imetoka imepinda, na kidole cha mama kiko kwenye kona. Uso unaonekana. Yaya ameniambia ameipokea.

Wakuu, wenye haya kama minye, mlianzaje kuwaomba watu wasimame? Naomba mniambie, nitasoma zote.