Bidoni Yenye Kifuniko

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mnaopenda kupiga picha ziwa na kuwatumia watu, someni mpaka mwisho kabla hamjanicheka. Mi sikusoma sana. Nilitoka shule mwaka wa nne, nikaenda kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na mama yangu. Lakini kuchemsha maji najua. Watoto sita nimewakuza mtaani kwetu Bwiza, hata mmoja hakulazwa kwa sababu ya tumbo. Hilo nilikuwa natamba nalo mbele ya majirani. Sasa sitambi tena.

Binti yangu wa mwisho anaishi Ubelgiji. Alikuja likizo na mtoto wake, msichana wa miaka minne, mjukuu niliyekuwa namuona kwenye simu tu. Akaniambia, "Mama, umefanya kazi maisha yako yote. Safari hii utapumzika." Akapanga apartema karibu na ziwa Tanganyika, gorofa ya tatu, wiki mbili, sisi watatu. Alikuwa ameiona kwa picha: maji ya buluu, viti vyeupe kwenye balkoni.

Picha hazikudanganya. Maji yalikuwa buluu na viti vilikuwa vyeupe. Lakini aliyepiga picha alitazama mbali. Ukiinama ukatazama chini, uliona ukuta wa uwanja umezama nusu, miti imekauka imesimama ndani ya maji, na nyumba ambazo ziwa lilikuwa limeziingia. Milango ilikuwa wazi. Wenyewe walikuwa wamehamia Kinama na kwingine, na vyoo vyao vilibaki humo chini, vimejaa maji ya ziwa. Kiboko alikuwa anakuja kula majani mahali palipokuwa bustani ya mtu.

"Angalia mama, uzuri gani!" binti yangu alikuwa anasema.

Yeye alikuwa anaangalia milima ya Kongo ng'ambo. Mi nilikuwa naangalia vyoo. Niliviona kwa macho yangu siku ya kwanza kabisa, msije mkasema sikujua.

Siku hiyo alinunua katoni ya maji ya chupa. Mi nilikuwa nimetoka Bwiza na bidoni zangu mbili za maji niliyochemsha mwenyewe. Nikamuuliza chupa zile ni za nini.

"Za mutoto, mama. Hakuzoea maji ya hapa."

"Hakuzoea maji ya nyogokuru wake, mi bibi yake? Basi azoee. We ulikunywa maji gani ukafika Ulaya, ya chupa?"

Alicheka tu. Hajawahi kunishinda kwa maneno tangu azaliwe. Nikachukua katoni nzima nikampa zamu, yule mlinzi wa mlangoni, mtu mzima mwenye mvi. Akashukuru kwa mikono miwili.

Niwaeleze kitu kimoja cha nyumbani kwangu. Bidoni zote zinafanana, za njano, zilizokuwa za mafuta ya kupikia. Kwangu bidoni yenye kifuniko ni ya maji yaliyochemshwa. Bidoni ya maji mabichi, ya kuosha na ya choo, haina kifuniko; unaiziba kwa ndizi mbichi au unaiacha wazi. Watoto wangu walijua hivyo kabla hawajajua kuhesabu. Mwenye kukosea nilikuwa namchapa. Miaka arobaini sikuhitaji kunusa wala kuonja. Nilikuwa naangalia mdomo wa bidoni, basi.

Siku ya tatu robine, yale mabomba ya maji, zilikauka. Zilikohoa mara mbili, zikatoa hewa, zikanyamaza. Binti yangu akamwita zamu na kumuomba atafute maji. Mi nilikuwa nimelala mchana huo, nimepumzika kama nilivyoambiwa. Zamu akashuka ziwani, akajaza bidoni nne, akazipandisha ngazi mbili mbili mpaka gorofa ya tatu. Ili maji yasimwagike kwenye ngazi, alizifunga zote kwa vifuniko. Akazipanga jikoni, kando ya zangu, akaenda.

Nilipoamka, mjukuu wangu alikuwa mbele yangu.

"Nyogokuru, maji."

"Maji" lilikuwa neno la kwanza nililomfundisha. Nikaingia jikoni, nikaona bidoni zina vifuniko, nikamimina kwenye kikombe chake. Maji yalikuwa meupe, safi kwa macho. Akanywa yote akaomba tena. Nikampa tena. Nilifurahi, nitasema ukweli. Nikamwita mama yake kutoka balkoni, "Njoo uone mutoto wako wa Ulaya anavyokunywa maji ya Bwiza!"

Yeye alikuwa na Fanta mkononi. Mi nakunywa chai tu.

Keshokutwa yake asubuhi mtoto aliharisha. Tukasema ni samaki. Saa nne alikuwa anatoa maji kama yale ya kuoshea mchele, na kutapika. Saa sita macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya vidole imejikunja kama ya mtu aliyefua siku nzima. Alikuwa analia bila machozi. Hapo nikajua jina la ugonjwa, sikulitamka.

Gari ambayo binti yangu alikuwa amekodi ilikuwa mstarini na dereva wake kwa siku ya pili mfululizo, inangoja mafuta. Zamu akamchukua mtoto, nikamfunga mgongoni kwake kwa kikwembe changu, tukatoka kwa miguu. Mzee yule alikuwa anakimbia, binti yangu nyuma yake anapiga simu ambazo hazikupokelewa, na mi nyuma yao. Barabarani pikapu ya wachuuzi wa samaki ikatuchukua mpaka kituo cha matibabu.

Walimlaza kwenye kitanda cha turubai chenye tundu katikati na ndoo chini. Harufu ya klori ilikuwa inachoma macho. Wakatafuta mshipa mkononi, hawakuupata. Wakatafuta mguuni. Binti yangu alikuwa anashikilia ule mguu, mdogo kama mhogo, na kusema, "Pardon, cherie. Unisamehe."

Muuguzi akauliza, "Amekunywa maji gani?"

Binti yangu akamuonyesha zamu kwa kidole. "Huyu ndiye aliyeleta maji. Muulize yeye!"

Zamu akavua kofia. "Mama, mi nilileta ya kuosha. Ya ziwa. Nani anakunywa ya ziwa siku hizi? Nilifunga tu yasimwagike kwa ngazi."

Alipotaja kufunga, niliona jiko lile lote mbele yangu, bidoni sita zimefunikwa, na mkono wangu. Mtu angeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza, sitawaficha.

"Mi ndiye nilimpa," nikasema. "Vikombe viwili."

Binti yangu akageuka. "Kwa bidoni gani?"

"Yenye kifuniko."

Alikulia nyumbani kwangu; hakuhitaji kuelezwa. Alinitazama kidogo, kisha akageuka tena kwa mtoto wake. Aliniambia neno moja tu siku ile: "Chupa." Hakumaliza.

Tulikaa pale siku tatu. Muuguzi alituambia, "Akilia akatoa machozi, mushukuru Mungu." Kwa hiyo tulikaa tukimtazama mtoto usoni, tukitaka alie. Kitanda cha jirani walifunika mtu asubuhi ya pili. Siku ya tatu walipombadilishia sindano, mjukuu wangu akapiga kelele na chozi likatoka, moja, kwenye jicho la kushoto. Mama yake akalilamba.

Hawakurudi apartema. Nilikwenda peke yangu kuchukua vitu. Maji yalikuwa yamerudi. Robine ya jikoni tuliiacha wazi ilipokauka, na sasa sakafu yote ilikuwa maji, safi, ya bure, yamefika mpaka mlango wa balkoni. Nikapiga deki. Nikamwaga zile bidoni, na zangu mbili pia.

Zamu nilimuomba msamaha pale mlangoni. Alisema, "Yameisha, mama." Hakunitazama.

Waliondoka kabla ya siku zao. Siku ya safari, kwangu Bwiza, mtoto alikohoa nikampelekea kikombe. Hakukishika. Alimtazama mama yake kwanza. Mama yake akatikisa kichwa, polepole, na mtoto akarudisha mikono nyuma.

Gari lilipoondoka niliwaita wote wa nyumba yangu, wakwe zangu wawili na wajukuu, jikoni. Nikavunja vifuniko vyote kwa jiwe mbele yao. Nikawaambia:

"Maji ya kunywa hayaingii tena kwenye bidoni. Yakae kwenye sufuria yalipochemkia. Na mwenye kumpa mutoto maji, anywe kwanza yeye, kikombe kizima, huyo mutoto akiona. Mi nikiwa wa kwanza."