Kopo la Afande Aryemo

Hortense anajua kuchanganya mafuta ya kupaka kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na siku hizi sipendi kulisema. Meza yake imepakana na meza yangu ya vitenge hapa Namuwongo, Kampala, hatua chache kutoka reli. Tulivuka mpaka pamoja kutoka Butembo, amenizidi miaka sita, namwita yaya, yaani dada mkubwa. Kwa hiyo msidhani nasimulia kama mtu wa pembeni. Nina upande wangu, na hasira ninayo pia.

Kila asubuhi kabla ya wateja alikuwa anakamua tyubu tatu ndani ya bakuli, anaongeza losheni ya kawaida, anakoroga mpaka inakuwa laini kama uji wa mtoto. Tyubu tupu zilikwenda kwenye sigiri, juu ya makaa, zikaungua majina na yote. Wachanganyaji wote hufanya hivyo ili jirani asiibe siri ya mkono wao. Mteja akiuliza ndani kuna nini, jibu lilikuwa moja: karoti, limau na mawese. Miaka minne nilikohoa kwa moshi ule wa plastiki, wala sikuuliza ni karoti gani hiyo inayouzwa kwenye tyubu.

Afande Aryemo nilimleta mimi. Ni askari wa barabarani, mwanamke wa Gulu anayepanga Kisugu, mcheshi, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Kutwa alisimama kwenye makutano ya barabara na sare yake nyeupe, jua likampiga uso na mikono tu, sehemu nyingine zikabaki na rangi yake. Mdogo wake alikuwa anaolewa, naye alitaka uso ulingane na mwili kwenye picha. Nikamshika mkono nikampeleka kwa yaya.

"Unapaka asubuhi, unapaka magaribi," Hortense alimwambia, akampa kopo.

Wateja wake wote walikuwa wanawake wa kivulini: mafundi cherehani, wasusi, wauzaji wanaokaa chini ya turubai. Hakuwahi kumuuliza mtu mchana anakaa wapi. Na Aryemo pia hakuulizwa.

Kwenye harusi Aryemo aling'aa, tukashangilia. Mwezi wa pili mashavu yakaanza kuwaka na kubambuka, kisha yakaja mabaka meusi juu ya mifupa ya uso. Akiacha kupaka siku mbili, ngozi ilivimba na kuwasha, basi anapaka tena. Madereva wakamcheka waziwazi. Mkubwa wake akamtoa barabarani, akamtuma stoo kupanga koni.

Siku ya Jumatatu alikuja mezani bila sare, kajifunga mtandio mpaka puani.

"Mama Olivia, daktari ya hospitali Mulago anauliza hii kitu iko nini ndani," alimwambia Hortense, kwa jina la mtoto wake. "Anasema kama hajui, hawezi kunipa dawa mzuri. Eti ingine unatupa leo leo, ingine unaacha polepole."

"Ni karoti, Afande. Na limau."

"Mama Olivia."

"Na mawese."

Aryemo aliukaza mtandio wake. "Alhamisi narudi kwa daktari. Nitapita hapa saa mbili," akasema, akaondoka.

Nilimrukia yaya kwa maneno. Nilimwambia uso wa mwanamke mwenzake unaoza naye anauza karoti. Alisubiri nimalize.

"Nitaambia polisi nini, Mbambu? Miye mukimbizi. Hii meza njo inalisha watoto yangu. Na weye, ile harufu ya tyubu ulikuwa husikie?"

Nikarudi kwenye vitenge vyangu. Niliona aibu mpaka kwenye masikio.

Jambo lenyewe lilikuwa baya kuliko nilivyodhani. Hata angetaka kusema, majina hakuyajua. Alizitambua tyubu kwa rangi zake, na karatasi zake zimeandikwa lugha asizosoma. Usiku wa Jumatano hakulala, najua kwa sababu tunalala chumba kimoja. Alhamisi hakufungua meza. Alikwenda dukani anakonunua, akaonyesha kwa kidole: ile nyeupe yenye mstari mwekundu, ile ya njano, ile ndogo ya buluu. Aryemo alipofika, alimkuta amesimama na kavera ya tyubu mkononi.

"Twende, Afande."

Niliwafuata.

Huko Mulago Daktari Ogwal alizisoma moja moja bila haraka. Ya njano, alisema, inachubua, na ngozi iliyochubuliwa haina cha kujikinga na jua. Nyeupe ni dawa kali ya wagonjwa wa ngozi. Ukiipaka kila siku inakula ngozi mpaka inakuwa nyembamba, na hiyo ndiyo ya kuacha polepole. Akaigeuza ile ya buluu.

"Hii ni ileile nyeupe, jina tofauti tu."

"Nilizani ni dawa mbili," Hortense alisema. Miaka yote alikuwa anawapa watu dawa ileile kali mara mbili.

Aryemo alilia bila kupangusa machozi, kwa sababu kupangusa kuliuma.

Daktari alimwandikia dawa ya kumshusha taratibu, kisha akamweleza la kila siku. Sabuni isiyo na manukato, losheni ya kulainisha, halafu losheni ya kukinga jua robo saa kabla ya kutoka, masikio na shingo zisisahaulike. Jasho la Kampala linaiosha, basi saa sita arudie, hata siku ya mawingu. Kofia iwe na ukingo mpana. Jioni aoshe uso, apake vaselini, alale.

"Hiyo tu?" Aryemo aliuliza.

"Hiyo tu."

"Na hii mabaka?"

"Mengine yatafifia. Mengine siwezi kukuahidi."

Aryemo alizikusanya tyubu tatu, akazitia mkobani. Hakusema za nini, na hakuna aliyekuja kumkamata Hortense. Bado anazo.

Sasa ni miezi minne. Meza ya yaya ina sabuni, vaselini na losheni ya jua, na wateja wengi wamehamia kwa mchanganyaji wa ng'ambo ya reli. Wachache wanaobaki huulizwa kwanza mchana wanakaa wapi. Afande amerudi barabarani na kofia pana. Mashavu yametulia, mabaka hayajaondoka.

Kila siku kabla ya kazi hupita, hukaa kwenye kigoda, hufumba macho. Hortense humpaka kwa vidole viwili, paji, pua, nyuma ya masikio. Hawataniani tena. Nilidhani ni msamaha, nikafurahi moyoni. Juzi nikamuuliza Aryemo kwa nini asijipake mwenyewe nyumbani, apate usingizi kidogo zaidi.

Hakufumbua macho.

"Nataka aangalie hii uso kila siku," alisema.

Vidole vya yaya vilisimama kidogo shavuni. Kisha akachota losheni tena, akaendelea na shingo.